Matembele ya Samaki ya Mwalimu

Magoti yangu njo ilikataa kazi, mimi sikukataa. Mutu wa umri wangu akibeba bidoni ya maji imejaa, akishuka ngazi za udongo za Bukavu kisha mvua kunyesha, anakuwa sawa mutu anatembea juu ya sabuni. Basi nikaacha. Vijana waliobakia na kazi wakaniambia: "Papa Zihalirwa, utuandikie kidogo vile ulikuwa nafanya, juu siku moja hautakuwako." Nikawajibu asante kwa kunizika mapema. Halafu nikatafuta kalamu. Masomo yangu iliishia mu shule ya primaire, katikati, kwa hiyo herufi zikilala vibaya muziamushe ninyi wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga samaki mu manyumba ya watu. Si samaki ya kula. Watu wengi wakisikia hii wanachekaka kwanza, halafu wanauliza: "Sasa mwisho wake munakula?" Hapana, munaangalia. "Munaangalia mpaka lini?" Mpaka ikufe. "Halafu munakula?" Hii maulizo nimeijibu miaka mingi mpaka nikachoka, na mutaona kule mbele kwamba hata mu nyumba ya watu waliosoma haikuisha.

Mwanzo nilikuwa sentineli ku nyumba ya daktari mumoja, kule Muhumba, kando ya ziwa. Nilikuwa nafungua mulango mukubwa, nafunga, napiga usingizi katikati. Siku moja daktari akaleta sanduku ya vioo, ndefu sawa jeneza ya mutu mukubwa, wenyewe wanaita akwariumu. Kisha wiki moja camion ya Uvira ikasimama ku mulango, na juu ya mizigo alikuwa amekaa muzee mufupi, kofia nyeupe, mikono mbili imekumbatia sashe za plastiki zimejaa maji na samaki ndani. Alikuwa amezikumbatia vile toka Uvira, ku kona zote za mulima wa Ngomo, na ile barabara munaijua. Huyo njo Papa Radjabu. Mu ujana wake alikuwa anazama mu Tanganyika kwa kukamata samaki za rangi, zile wanauzishaka mbali. Masikio yake ilikuwa imeharibika na kuzama, ulikuwa unasema naye kwa kupiga kelele, na yeye anakujibu kwa kunong'ona.

Siku yangu ya kwanza mu kazi alinikalisha mbele ya kioo, juu ya ndoo imefunikwa, akasema: "Angalia." Nikaangalia. Jua likapanda, nikasikia njaa. Nikamuuliza, "Papa, niangalie nini?" Akasema, "Ukijua cha kuangalia utaacha kuangalia." Mangaribi akaniuliza ni samaki gani haikukula. Nikamuonyesha. Akasema sawa, kesho ukuje. Njo vile niliacha mulango, daktari akatafuta sentineli mwingine mwenye kulala vizuri kuliko mimi.

Papa Radjabu alinifundisha vitu kidogo, lakini kila kimoja alikisema mara nyingi. Ndoo ya samaki haiguse sabuni hata siku moja. Eponji ya filtre, ile inachuja maji, unaiosha mu maji ya samaki yenyewe, juu mule munaishi vidudu vidogo vinavyokula uchafu, ukiiosha ku robine, na maji ya bomba, umeua wafanyakazi wako. Chakula, kidogo, samaki hafi njaa, anakufa shibe. Na maji, hii alikuwa anaisema akinishika sikio: "Usiamini maji juu iko nang'aa. Hata machozi inang'aaka."

Ile ya ndoo njo ilinisumbua kuliko zote. Munajua manyumba ya kwetu: hakuna kitu kinafanya kazi moja. Ndoo ni ya samaki asubuhi, saa sita ni ya nguo, mangaribi inabeba bugali ya watu wa matanga. Nilichora samaki nyekundu ku ndoo zangu zote. Wakaosha nguo. Nikang'oa mikono ya ndoo ili isibebwe. Wakaifunga kamba. Mwisho nikawa natembea na ndoo yangu ku kichwa toka Nguba mpaka Ndendere, watu wakinipigia kelele: "Muuza maziwa!" Nikawa naitika.

Miaka ya shida sitasema sana, kila mutu ya hii mji ana yake. Nitasema tu kwamba kuna siku risasi zililia karibu sana, familia ya nyumba kwenye nilikuwa nafanya kazi ikalala chini mu korido, na mimi katikati yao, na pompe ya hewa ikaendelea kupiga mapovu mu salon, pale wanapokeaka wageni, sisi wote tukiisikiliza sawa redio. Kisha umeme ukakatika. Mapovu ikanyamaza. Maman wa nyumba akanong'ona: "Sasa samaki?" Nikatambaa na kikombe, nikakaa nikachota maji nikiimwaga toka juu, nachota namwaga, ili hewa iingie. Hiyo pia ni kazi. Umeme ukienda, mufanye vile, hata kama hakuna risasi.

Sasa nifike ku nitrati, juu njo munaniulizaka sana.

Samaki anakula, anakunya, chakula ingine inaoza chini. Ile uchafu inageuka. Kwanza inakuwa sumu kali, vidudu vya filtre vinaikula, inakuwa sumu ingine, vinaikula tena, mwisho inabakia nitrati. Nitrati haina rangi, haina harufu, haiue mara moja. Inarundikana tu. Samaki anapoteza rangi, anakataa kula, anasimama pembeni anapumua mbio sawa mutu alipanda mulima, na mayai yake inaharibika. Dawa yake kila mutu anaijua: unatoa sehemu ya maji ya zamani, unatia ingine mupya. Kwa kupima kuna zile bandeleti, tukaratasi nyembamba. Unachovya, unangojea, unalinganisha rangi ku boksi. Nyeupe ni muzuri. Ya waridi, uangalie. Nyekundu, ukimbie na ndoo. Mimi nilikuwa naziomba kwa mabibi wa mashirika wakirudi kwao, nilikuwa nakata kila moja mara mbili kwa urefu. Zilikuwa zinaenda vizuri.

Basi hapo njo anaingia Mwalimu Byamungu.

Mwalimu alifundisha jeografia miaka yake yote. Mutu wa Bunyakiri, murefu, mwenye sauti ya kufundisha darasa lake na la jirani pamoja. Alipoacha kazi, wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamupatia sanduku ya vioo, na Papa Radjabu, mbele ya kurudi Uvira kuzeeka, akamuletea samaki mbili za Tanganyika, zile kubwa zenye mistari nyeusi na nundu ku kichwa, zinazoishi miaka sawa ng'ombe. Ile dume Mwalimu akaiita Préfet, juu ilikuwa inatembea polepole ikiangalia kila mutu vibaya, sawa préfet wa shule, mukubwa wa masomo. Jike ikawa Maman Préfet. Nilikuwa naenda kwake kila Jumamosi. Kazi ilikuwa fupi, maneno njo ilikuwa murefu: alinieleza mito yote ya Congo, na mimi nilimueleza mavi ya samaki, tukaachana kila mutu amejifunza.

Halafu damu ikamupanda kichwa. Upande wa kuume ukakufa, maneno ikaenda. Mutoto wake wa kike, Maman Neema, infirmiye, muuguzi ku maternité kwenye wamama wanazalia, akamurudisha ku nyumba toka hospitali. Dirisha ya chumba cha Mwalimu ilikuwa inaangalia ukuta wa jirani. Neema akasukuma kitanda mpaka mu salon, mbele ya samaki, akasema, "Papa, dirisha yako njo hii."

Na pale wakapata desturi yao. Asubuhi Neema alikuwa anatia kwanza chakula mu maji. Préfet akikula, Mwalimu anafungua kinywa, Neema anamulisha uji. Samaki kijiko, baba kijiko. Préfet asipokula, Mwalimu anageuza uso ku ukuta. Hakukuwa na namna ya kumubembeleza. Mutu amefundisha miaka yote kwamba mukubwa anaanza, wadogo wanafuata, hauwezi kumubadilisha sasa.

Ile mwaka, mu mutaa wao, robine za zamani zilikuwa zimekauka kabisa. Watu wa avenue wakachanga, wakakamata maji ya chemchemi kule juu ya mulima, wakajenga kisanduku cha simenti, wakashusha bomba ndefu, tiyo, mpaka ku manyumba. Maji usiku na muchana! Pasteur aliibariki. Neema alifungua robine mbele yangu, akaiacha inatoka tu, akasema, "Papa Zihalirwa, sikiliza." Na kweli ilikuwa na sauti muzuri. Maji ilikuwa inang'aa sawa pombe ya ndizi iliyochujwa.

Kisha ile robine kufika, Préfet akaanza kupauka. Mistari yake nyeusi ikawa sawa majivu. Akasimama ku kona, anapumua mbio. Maman Préfet akataga mayai, akaifungia mu kinywa, juu hizi samaki mama anabebaka watoto wake mu mashavu, hakuli mpaka wakomae. Kisha siku kidogo akaitema, imeoza, nyeupe. Mwalimu aliona. Siku ile hakukula uji, na kesho yake hakukula.

Nikapima: nyekundu. Nikabadilisha maji nyingi. Nikarudia: nyekundu tena. Nikaanza kuja mara mbili ku wiki, nikaja mara tatu, bidoni na bidoni, jasho mpaka ku soksi. Préfet akaanza kulala upande.

Pale Désiré akapiga simu toka Kinshasa. Désiré ni mutoto wa kwanza wa Mwalimu, anafanya kazi mu biro kule, yeye njo alikuwa anatuma dawa ya baba. Neema akaweka simu kwa sauti ya juu, anapika.

"Neema, mule mu salon kuna harufu ya mutoni, jirani waliniambia."

"Jirani gani?"

"Na ile samaki iko nakufa mbele ya Papa. Papa anaangalia kifo toka asubuhi mpaka mangaribi. Ni muzuri?"

"Kaka, bila ile samaki hakuli."

"Na samaki pia haikule, si njo ulisema? Basi sikukuu ya Noël niko nakuja. Nikikuta ingali vile, ninatoa ile kioo nje mwenyewe, naweka televizyo kubwa. Aangalie watu wazima."

Mwalimu alikuwa anasikia. Maneno ilipotea, masikio hapana. Akafunga macho. Désiré hakukuwa mutu mubaya, alikuwa mbali tu, na mutu wa mbali anaonaka dawa haraka.

Neema akazima moto, akakuja kusimama karibu yangu. Nilikuwa na tiyo mu kinywa navuta maji.

"Papa Zihalirwa, usikasirike."

Mutu akikuambia vile, ujue unaenda kukasirika.

"Mimi ku maternité naandikaka joto ya wagonjwa asubuhi na mangaribi. Basi nimekuangalia wewe pia. Ukija, kesho yake Préfet anaanguka. Ukikawia, anainuka kidogo. Ile wiki mvua ilikukataza, alikula hata mara mbili."

"Unataka kusema mimi njo ugonjwa?"

"Nasema tu kile naona."

Nilikasirika mpaka ku mulango. Ku mulango nikakumbuka sikio langu mu mikono ya Papa Radjabu. Nikarudi. Nikakamata kikombe safi, nikakijaza ku robine, ile ya baraka, nikachovya bandeleti. Ikawa nyekundu sawa nyanya. Maji haijaona samaki hata moja! Nilikuwa natoa maji chafu ya Préfet, namutilia ingine chafu kuishinda, na namuambia pole. Hii mushike ku vichwa, vijana: mupime ya robine mbele ya kupima ya samaki. Kila nyumba, kila msimu, hata kama ile ya jirani ilikuwa muzuri.

Nikataka kujua inatoka wapi. Nikafuata tiyo. Ilipita nyuma ya manyumba, chini ya kamba za nguo, ikapanda, na mimi nikapanda, na ile pande ya mulima imesimama sawa ukuta. Maman mumoja alikuwa anapatia nguruwe zake maganda. Akanichungulia.

"Papa, unatafuta nini?"

"Nafuata maji."

"Maji inashukaka. Wewe uko napanda."

"Nataka nione kwenye inatoka."

Akacheka, akanionyesha na kidole. Kisanduku cha simenti kilikuwa pale, kizuri, kimepakwa rangi, na musalaba juu. Na juu ya musalaba, kibanda cha nguruwe. Na juu ya nguruwe, manyumba yamekaliana mabegani, na kila moja na choo yake nyuma.

"Maman, hii choo ni ya nani?"

"Ya watu wote wa hii parcelle, hii kiwanja yetu."

"Iko hapa toka siku mingi?"

"Toka nikiwa musichana."

"Na ikijaa munafanyaka namna gani?"

"Haijajaa hata siku moja," akasema, na furaha. "Mungu anatusaidia."

Nikamuangalia Mungu alivyomusaidia, nikaangalia kisanduku chini yake, nikashuka.

Nilimuambia Neema mambo ya choo isiyojaa. Akaketi. "Tunachemshaka lakini."

Nikamuambia hata mimi sijui kama moto inasaidia. Yeye njo aliyejua. Akafikiri kidogo, akasema: "Hapana. Moto inaua mikrobe. Hii haiko mikrobe. Maji inapunguka mu sufuria, yenyewe inabakia, inakuwa kali zaidi. Na kuna wamama hapa wanapikia watoto wachanga maziwa ya biberon na hii maji." Akavaa viatu, akaenda kwa shefu wa avenue, na mangaribi ile alipita mulango kwa mulango kwenye kuna katoto. Sijui maneno alisema. Najua tu wamama walianza kuchota ya watoto mahali pengine, na ile ya robine ikabakia ya nguo na sakafu. Pasteur hakufurahi.

Ikabakia sisi na Préfet, na Noël inakuja.

Maji ya mvua? Nilijaribu. Nikaacha mvua ya kwanza ioshe manjanja, mabati ya nyumba, nikakinga ya pili. Haina nitrati, ni kweli, lakini ni maji tupu, haina chumvi ya mawe. Samaki ya Tanganyika anataka maji nzito. Préfet akawa sawa mutu amelishwa supu bila kitu ndani. Maji ya ziwa letu, yenyewe ni nzito, inafanana na ile ya kwao. Lakini ku kando ya mji, kila mufereji wa Bukavu unaishia pale. Basi nikaenda kwa mwenye boti ya Idjwi, kile kisiwa cha katikati ya ziwa. Nikamupatia bidoni zangu, nikamuomba azijaze katikati, mbali na kila kando, akiwa anakuja.

Ku bandari walinimaliza. "Muzee, Idjwi wanatumiaka wengine mananasi, wewe wanakutumia maji?" Mwingine: "Amekosana na robine, mumuache." Mwenye boti mwenyewe alikuwa anashusha bidoni zangu akipiga kelele, "Maji ya ziwa kwa watu wa ziwa! Nani anataka na hewa?" Nilikuwa nabeba, nanyamaza. Mukienda pale, munyamaze pia, watachoka.

Lakini boti inakuja siku yake, na mbele ya ile siku nitrati ilikuwa inapanda tena, juu maji ya zamani haiwezi kutoka yote mara moja, samaki anaweza kukufa na mushtuko. Unatoa kidogo, unatia kidogo. Nilitaka kitu cha kuinyonya katikati ya wiki. Na hapo nikakumbuka shamba ya mama yangu: kwenye choo ya zamani ilifukiwa, njo matembele inaota sana. Matembele, majani ya viazi vitamu. Ile mavi inayoua samaki njo mbolea yake.

Nikaenda ku soko ya Kadutu. Muuzaji akaniuliza, "Papa, fungu ngapi?"

"Nataka zenye shina murefu, zisizokatwa."

"Zitakuwa ngumu. Maman anapika na nini?"

"Haipike. Ni ya samaki."

"Eh, matembele na samaki inapatana sana!"

Nikalipa, nikaenda. Nikasimamisha yale mashina mu maji ya Préfet, shina ndani, majani inje, nimeyafunga na kamba juu ya kioo. Kisha siku kidogo mizizi myeupe ikashuka. Kisha wiki kidogo salon ilikuwa shamba. Majani inaning'inia mbele ya kitanda, Mwalimu anaangalia katikati yao sawa muwindaji. Nikachovya bandeleti: ya waridi. Nikangojea boti, nikachovya tena: karibu nyeupe.

Asubuhi moja Préfet akatoka ku kona yake, akakamata chakula, wa kwanza mu nyumba yote. Neema alikuwa na kijiko mu mukono. Aligeuka tu, na Mwalimu alikuwa amefungua kinywa tayari.

Halafu siku ingine nikiwa naosha eponji, Mwalimu akanigongea kitanda na mukono wake muzima. Akaonyesha kioo. Nikaangalia, sikuona. Akagonga tena, na hasira, sawa mwanafunzi mujinga yuko mbele yake. Kisha akajaza shavu lake la kushoto na hewa, lile linalofanya kazi. Njo nikaona Maman Préfet: mashavu imejaa, anatafuna bila kula. Alikuwa amebeba tena.

Nikamuambia Neema: sasa mutu asiguse hii kioo. Ni mimi peke yangu. Neema akasema ndiyo. Tulisahau Bunyakiri.

Juu mbele ya Noël, toka Bunyakiri, akafika Tantine Furaha, dada mudogo wa Mwalimu, na kuku, na ndizi, na nguvu za kufanya kazi ya watu wanne. Neema alikuwa ku maternité siku hiyo. Désiré alikuwa ametua asubuhi. Na mimi nilifika saa nane na maji ya boti, nikafungua mulango wa salon, na nikaona mbele yangu kioo. Kioo kitupu juu. Majani hakuna. Mashina yamekatwa mashungi, yanasimama sawa vidole bila kucha.

Désiré alikuwa ameketi kando ya kitanda, sahani ku magoti, anakula bugali. Hatukuwa tumeonana bado. Akasema, "Papa, karibu, tukule."

Nilisahau kumusalimia. "Matembele yangu iko wapi?"

Tantine Furaha akatoka jikoni anapangusa mikono. "Matembele gani?"

"Yenye ilikuwa hapa juu!"

"Aa, ile. Nilishangaa pia. Nikasema watu wa mji wameanza kulima mu salon, na hakuna mutu anavuna, inazeeka bure. Nimeipika na sambaza za ziwa. Iko kule, nikupatie?"

"Tantine, ile ilikuwa ya samaki!"

"Si njo nakuambia, nimeipika na samaki."

Désiré akaacha kutafuna. "Mungojee. Ya samaki namna gani?"

Nikamueleza. Sijui kueleza mufupi, munanijua. Nilianza ku choo ya mulimani, nikashuka na tiyo, nikafika ku robine, ku Préfet, ku mizizi. Désiré alikuwa ananisikiliza, na uso wake unashuka pamoja na tiyo. Akaangalia sahani.

"Kwa hiyo mimi nimekula..."

"Mbolea tu," nikasema. "Matembele yote inakulaka mbolea."

"Ya nani?"

"Ya Préfet. Na kidogo ya watu wa juu."

Na pale sauti ikatoka ku kitanda.

Kwanza nilifikiri Mwalimu anakabwa. Neema hayuko, nikaangusha bidoni. Lakini Mwalimu alikuwa anacheka. Nusu ya uso ndiyo ilikuwa inacheka, ile ingine imebakia nyuma, lakini sauti ilikuwa nzima, ile ya madarasa mbili, na mukono wake muzima ulikuwa unaonyesha sahani ya mutoto wake. Toka damu ipande, hakuna mutu aliyekuwa ameisikia. Désiré, yeye, ku simu alikuwa anasikia pumzi tu.

"Papa?" akasema.

Mwalimu akamuonyesha sahani tena, akacheka tena, machozi inashuka pande zote mbili.

Tantine Furaha alikasirika. "Muko munacheka nini? Mimi sipikaki uchafu. Niliosha ile mboga vizuri sana."

"Uliosha na maji gani?" nikamuuliza.

"Ya robine, basi."

Mwalimu akashika ukingo wa kitanda ili asianguke.

Désiré akamuangalia baba yake. Halafu akakamata bugali, akachovya, akamaliza sahani yote, mpaka mafuta ya mwisho, Mwalimu akimusindikiza na macho kila tonge. Akasema, "Tantine, iko tamu. Lakini usirudie." Kesho yake, mbele ya misa, aliniita tukaenda naye Kadutu kwa yule muuzaji, yeye na viatu vyake vya Kinshasa mu matope, akachagua mashina murefu mwenyewe. Televizyo aliinunua, ndiyo. Iko mu chumba cha Tantine Furaha, na Tantine hajarudi Bunyakiri.

Maman Préfet alifungua kinywa kisha Noël kupita. Watoto walitoka na mistari yao tayari, wadogo sawa punje za mutama, wakatawanyika mu mizizi mupya, na Mwalimu hakulala siku ile muchana.

Basi vijana, kwa Mwalimu muende siku ya boti ya Idjwi. Ndoo yenye samaki nyekundu iko nyuma ya mulango, kama hawajaosha nguo. Bandeleti muzikate kwa urefu. Robine ya mulima ingali inatoka vizuri, inang'aa, muiache ing'ae. Na mukifika, hata kama Préfet anawaangalia vibaya, musianzie ku kioo. Mupite kwanza jikoni, mumusalimie Tantine na heshima, na mufunue sufuria.